Kutoka Komiki Hadi Skrini: Mwongozo Kamili wa Kuchambua Siri za Wahusika

Nilikulia kwenye vibanda vya video, benchi la mbao, pazia jeusi mlangoni, na mtafsiri aliyekuwa na sauti nzito kuliko ya steringi mwenyewe. Mtafsiri yule hakuwa na subira. Mtu akiingia tu kwenye picha anatabasamu, tayari ameshatuambia: "Huyu mwoneni hivihivi, huyu ndiye atakayemuuza rafiki yake." Hakuna aliyenyanyuka kudai hela yake. Tulisogea mbele zaidi, kwa sababu kuanzia hapo kila steringi alipomshika bega yule rafiki, sisi tulijua na yeye hajui.

Miaka mingi baadaye nilianza kusoma komiki zilizozaa filamu tunazoziangalia leo, nikakuta mashabiki wanagombana juu ya jambo hilohilo: siri ya mhusika. Nani yuko nyuma ya barakoa, ni mtoto wa nani, amekuwa msaliti tangu lini. Filamu ikitoka na siri imebadilishwa, mmoja anasema wameharibu, mwingine anasema wameboresha, na wote wawili wanaishia kwenye jina: "Kwenye komiki alikuwa fulani, huku wamemfanya fulani." Jina ni sehemu ndogo sana ya mabadiliko. Kinachohama hasa ni mpangilio wa nani anajua kabla ya nani, na nani anaumia siku jambo linapotoka. Ukijifunza kuufuata mpangilio huo, utaweza kueleza kwa ushahidi kwa nini badiliko moja linakupendeza na jingine linakuchoma.

Humu nitatumia "komiki" kwa hadithi ya picha iliyochapishwa kwenye karatasi, na "katuni" kwa michoro inayotembea kwenye skrini. Siri za kazi zote ninazozitaja zimetobolewa wazi, kwa hiyo kama kuna unayoisubiri, iruke aya yake.

Kabla ya kuanza

Tafuta daftari na kazi zote mbili: komiki na filamu au tamthilia yake. Komiki isome toleo kwa toleo, kwa mpangilio iliotoka. Vitabu vinavyokusanya matoleo mengi pamoja ni rahisi kupatikana, lakini vinakunyima kitu kimoja: ule mwezi mzima ambao msomaji wa kwanza alikaa akisubiri. Muda huo ulikuwa sehemu ya siri. Weka alama kila toleo linapoishia.

Majalada nayo yaangalie mwishoni. Komiki ziliuzwa kwa jalada, na jalada lenyewe mara nyingi ndilo linalotoboa. Toleo la 39 la *The Amazing Spider-Man*, la mwaka 1966, lina picha ya Peter Parker amefungwa kamba, vazi lake la siri linachungulia chini ya shati, na Green Goblin anamburuta angani. Mnunuzi alijua kwamba adui ameshamtambua shujaa kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Unapoangalia filamu, andika dakika. "Mwanzoni" na "katikati" havitakusaidia baadaye.

Hatua ya 1: Iandike siri kwa sentensi moja

Sentensi iwe na sura hii: fulani anamficha fulani jambo fulani. Ikikataa kukaa katika sentensi moja, ujue una siri mbili na umezichanganya. Kwa mfano, katika hadithi ya Green Goblin ziko mbili. Norman Osborn anawaficha watu wote kwamba yeye ndiye Goblin. Peter Parker anawaficha watu wote kwamba yeye ndiye Spider-Man. Kila moja ina siku yake ya kufichuka, na kazi nzima ya uchambuzi iko katika kuona siku hizo zinakaribiana au zinaachana.

Hatua ya 2: Chora jedwali la nani anajua lini

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Chora safu nne: msomaji au mtazamaji, shujaa, adui, na watu wa karibu (mama, mke, rafiki, mtoto). Chini ya kila safu andika toleo au dakika ambayo mhusika huyo anaijua siri. Fanya jedwali moja la komiki na jingine la skrini, uyaweke kando kwa kando.

Tuendelee na Goblin, maana ni mfano ulionyooka. Alitokea mara ya kwanza katika toleo la 14, mwaka 1964. Miaka miwili wasomaji hawakujua ni nani. Norman Osborn alitajwa kwa jina katika toleo la 37, na matoleo mawili baadaye, lile la 39, Goblin anamfuata Peter kimyakimya, anagundua yeye ni nani, anamteka, kisha anavua barakoa yake mwenyewe. Jaza jedwali: msomaji na Peter wanamjua Norman kwa wakati mmoja, na Norman amemjua Peter kurasa chache tu kabla. Siri zote mbili zinapasuka ndani ya toleo moja. Ni kishindo.

Sasa njoo kwenye filamu ya Sam Raimi ya mwaka 2002. Mapema kabisa tunamwona Norman, aliyeigizwa na Willem Dafoe, akijifanyia jaribio la dawa katika maabara yake. Safu ya mtazamaji inajazwa kabla hata Goblin hajaruka hadharani. Safu ya Norman inajazwa katika chakula cha sikukuu: May, shangazi aliyemlea Peter, anaona Peter anatoka damu mkononi, Norman anaangalia lile jeraha, na ni yeye aliyemkata usiku uleule katika jengo linaloungua. Anaaga haraka na kuondoka. Peter yeye hajui kitu mpaka pambano la mwisho. Harry, mtoto wa Norman, hajui hata hapo, kwa sababu maneno ya mwisho ya baba yake ni kumwomba Peter asimwambie. Harry anakuja kujua katika filamu ya pili, ya mwaka 2004.

Angalia kilichotokea. Jina ni lilelile, Norman Osborn ni Green Goblin katika kazi zote mbili. Anayelinganisha majina atasema hakuna kilichobadilika. Jedwali linasema kila kitu kimebadilika: komiki ilikuwa na fumbo linalolipuka mara moja, filamu ina siri inayotoka mtu mmoja mmoja, na kila anayeijua anaumia peke yake. Chakula kile cha sikukuu kinatubana koo kwa sababu ileile iliyotusogeza mbele kwenye benchi la kibanda. Sisi tunajua, na May anampakulia nyama mtu aliyetaka kumuua mwanawe.

Hatua ya 3: Chunguza karatasi ilificha kwa njia gani

Karatasi ina vificho vyake, na lazima uvijue kabla hujalaumu skrini kwa kuviacha. Kwanza, mchoraji anaamua uso uonekane kiasi gani, na hakuna anayemdai sababu. Pili, maneno ya kwenye kiputo hayana sauti, kwa hiyo mtu mwenye barakoa na mtu asiye na barakoa hawawezi kusalitiwa na koo zao. Tatu, kuna kugeuza ukurasa: siri inakaa nyuma ya karatasi, na mkono wako mwenyewe ndio unaoifungua. Nne, unaweza kurudi nyuma bila gharama.

Hili la nne ndilo *Watchmen* ya Alan Moore na Dave Gibbons, matoleo 12 ya mwaka 1986 na 1987, ililolitumia vizuri kuliko komiki yoyote niliyosoma. Rorschach, mmoja wa mashujaa wa hadithi hiyo, anavuliwa barakoa na polisi mwishoni mwa toleo la 5. Uso unaotokea ni wa mtu mwekundu wa nywele ambaye tumeshamwona mara nyingi, yule mpita njia anayebeba bango la kutangaza kwamba mwisho umekaribia. Yumo tangu ukurasa wa kwanza wa toleo la kwanza, anakanyaga damu barabarani. Msomaji anarudi nyuma, anamkuta mahali baada ya mahali. Ukiwa kwenye ukumbi wa sinema, huna mkono wa kurudisha filamu. Toleo la filamu la mwaka 2009 lilimweka mtu huyo wa bango pia, lakini mtazamaji anayemkumbuka akiwa ndani ya ukumbi lazima awe na jicho kali sana. Siri ni ileile na uso ni uleule, ila furaha ya kuugundua imebaki kwenye karatasi.

Mfano mwingine ni *Attack on Titan* ya Hajime Isayama. Katika sura ya 42, Reiner anamwambia askari mwenzake Eren kwamba yeye ndiye yule Titan (jitu) mwenye deraya mwilini, na mwenzao Bertholdt ndiye lile jitu kubwa lililobomoa ukuta. Anasema katikati ya mazungumzo mengine, katika visanduku vya kawaida, bila ukurasa mzima wa kishindo. Jicho linaweza kulipita neno hilo, likasimama, likarudi kwa mshtuko. Katuni ya mwaka 2017 ilipofika hapo haikuwa na ujanja wa kisanduku kidogo, kwa sababu sauti ya mwigizaji inachukua muda wake na masikio yote yanaisikia. Watengenezaji wakafanya jambo la busara: walimwacha aseme kwa utulivu, kama anayejadili safari ya kesho, na vurugu ikaja baadaye. Waliacha kifaa cha karatasi wakatunza tabia ya mtu. Reiner amechoka kubeba uongo, na uchovu huo unasikika.

Kwa kila siri unayochambua, jaza sentensi hii katika daftari: "Komiki iliificha kwa kutumia ____, na kifaa hicho kwenye skrini kipo, hakipo, au kimegeuzwa kuwa ____."

Hatua ya 4: Chunguza skrini ililazimika kufanya nini

Skrini ina uso wa mtu halisi. Mwigizaji ana jina, jina liko kwenye bango, bango liko mtaani miezi kabla ya filamu. Kuficha mtu hapo ni kazi ngumu.

Bucky, kijana aliyepigana pamoja na Captain America, alianza mwaka 1941. Komiki za mwaka 1964 zilisimulia kwamba alikufa kwa mlipuko mwishoni mwa vita, na kwa miongo minne alibaki marehemu. Wasomaji walikuwa na msemo kwamba katika komiki wote hufufuka isipokuwa Bucky, Jason Todd (Robin wa Batman) na Uncle Ben (mjomba wa Peter Parker). Mwaka 2005 mwandishi Ed Brubaker na mchoraji Steve Epting wakamrudisha kama muuaji aitwaye Winter Soldier. Waliifungua siri taratibu: dalili, picha, jalada la nyaraka za siri linalofika mikononi mwa Steve Rogers, yaani Captain America mwenyewe. Steve anakataa kuamini, anaamini nusu, kisha anaamini na hajui afanye nini. Kumbukumbu za Bucky zinarudishwa katika toleo la 14, kwa nguvu za Cosmic Cube, mchemraba wa ajabu unaotimiza matakwa ya anayeushika. Mshtuko wa msomaji ulibebwa na ile miongo minne.

Filamu ya mwaka 2014 haikuwa na miongo minne. Ilikuwa na miaka mitatu, tangu Bucky alipoanguka kutoka kwenye treni katika filamu ya 2011. Kufufuka kwake peke yake kusingemshtua mtu, hasa kwa vile Sebastian Stan alishajulikana kuwamo. Kwa hiyo ndugu wawili, Anthony na Joe Russo, waliigeuza. Kwenye komiki barakoa yake ilifunika macho tu. Kwenye filamu anafunikwa mdomo na pua, na macho yana miwani. Miwani inaondoka kwanza. Kisha, katikati ya pambano la barabarani, barakoa inaanguka, anageuka, Steve anaita jina, na yeye anauliza Bucky ni nani.

Swali hilo ndilo ufichuzi wenyewe. Mtazamaji anayesoma komiki alishajua uso. Asiyesoma alishaanza kukisia. Wote hawakuwa tayari kwa rafiki wa utotoni asiyekumbuka kwamba ana rafiki. Komiki ilitumia nyaraka, filamu ikatumia sekunde chache na uso wa Steve. Mimi nasimama na filamu katika hili, ingawa naipenda komiki ile sana, kwa sababu filamu ilitambua kwamba siri yake ya zamani imeshachakaa ikatafuta nyingine chini yake.

Hatua ya 5: Pima siri imewekwa wapi

Siri inaweza kubaki ileile ikahamishwa mahali tu. Robert Kirkman anatupa mifano miwili inayopingana, na anafaa kwa sababu komiki zote mbili ni zake.

*Invincible* ilianza mwaka 2003. Matoleo sita ya kwanza ni hadithi ya kijana Mark aliyerithi nguvu za baba yake, Omni-Man, shujaa mkubwa kuliko wote. Toleo la 7, Omni-Man anawaua mashujaa wenzake. Katuni ya mwaka 2021 ililihamishia tukio hilo mwishoni mwa sehemu ya kwanza kabisa, baada ya majina kuanza kupita, wakati watu wameshanyoosha mkono kuzima. Komiki ilikupa muda wa kumpenda baba kisha ikakuvunja. Katuni inakuvunja kisha inakulazimisha uangalie sehemu saba za chakula cha jioni, mke anayeanza kushuku, mtoto anayetafuta sifa za baba yake. Rudi kwenye jedwali: safu ya mtazamaji imejazwa mapema, safu ya Mark na mama yake Debbie ziko tupu karibu msimu mzima. Debbie ndiye aliyefaidika zaidi. Amekuwa mtu kamili, anayefuata ushahidi nyumbani mwake mwenyewe huku akiogopa kuupata.

*The Walking Dead* ilifanya kinyume. Toleo la 100 la mwaka 2012 linamleta adui mpya, Negan, na palepale linaonyesha amemuua nani. Tamthilia ilifunga msimu wa sita Aprili 2016 kwa kupiga giza kabla hatujaona, ikafungua Oktoba. Miezi sita. Wahusika wote waliopiga magoti pale walikuwa wanajua ni nani aliyekufa, mtazamaji peke yake ndiye aliyefungiwa nje. Siri ambayo kila mtu ndani ya hadithi anaijua haimuumizi mhusika yeyote, inamchosha anayeangalia. Mimi nililiona kosa, na bado naliona kosa.

Ukipima, jiulize: mahali papya pamemwongezea nani kitu cha kuogopa?

Hatua ya 6: Mtafute anayeumia

Ukiwa na haraka ukaruka hatua nyingine zote, hii usiiruke.

Adrian Toomes, yaani Vulture, yupo kwenye komiki tangu mwaka 1963. Ni mzee wa kipara mwenye mabawa. Liz Allan, msichana wa darasani kwa Peter Parker, yupo pia tangu miaka hiyo. Hawana undugu wowote. *Spider-Man: Homecoming* ya mwaka 2017 haikuficha Vulture ni nani, tunamwona tangu mwanzo akiwa fundi aliyenyang'anywa kazi. Badala yake ilitengeneza siri isiyokuwepo kabisa. Peter anakwenda kumchukua Liz kwa ajili ya dansi ya shule, anabonyeza kengele, mlango unafunguliwa na Toomes. Ni baba yake.

Mlango ule sitausahau. Kijana amevaa suti, ameshika ua, na mbele yake amesimama mtu anayetaka kumuua ambaye pia ndiye anayepaswa kupewa shikamoo. Kisha wanaingia kwenye gari, Toomes anaendesha, anauliza maswali ya kawaida ya mzazi, na taratibu vipande vinamkaa. Taa ya barabarani inageuka kijani na mwanga wake unampiga usoni wakati anapoelewa. Jaza jedwali: Peter amejua mlangoni, Toomes amejua kwenye taa, Liz amekaa kati yao hajui chochote mpaka filamu inaisha. Katika komiki kumshinda Vulture hakumgharimu Peter kitu nyumbani kwa mtu. Humu ushindi wake unamwondoa msichana yule mjini na kumpeleka baba yake jela. Hilo ndilo badiliko, na limetoka kwenye undugu uliobuniwa.

*Black Panther* ya Ryan Coogler, mwaka 2018, ilifanya hivyo kwa uzito zaidi. Killmonger wa komiki, adui wa Black Panther, alianza mwaka 1973 kwa mkono wa mwandishi Don McGregor. Jina lake la kuzaliwa ni N'Jadaka, alikulia Harlem, ana uchungu wa haki dhidi ya kiti cha Wakanda, ufalme wa kubuni wa Afrika. Lakini si wa ukoo wa mfalme. Filamu ikamfanya mtoto wa N'Jobu, mdogo wake mfalme T'Chaka, aliyeuawa na kaka yake huyohuyo huko Oakland mwaka 1992, na mtoto akaachwa.

Kwa anayefikiri kwa Kiswahili, tukio la barazani linagonga mahali pake. N'Jobu kwa T'Challa, mtoto wa T'Chaka na Black Panther mwenyewe, ni baba mdogo. Mtoto wa baba mdogo kwetu haitwi kwa jina la mbali, ni ndugu yako, mnarithi pamoja, mnazikana. T'Challa ameshaambiwa ukweli na Zuri, mzee aliyeitunza siri hiyo, kabla ya siku ile, kwa hiyo barazani hajifunzi jipya. Wasiojua ni wazee na mama yake. Killmonger anasimama katikati amefungwa pingu, wanamwita mgeni, naye anawadai wamuulize yeye ni nani. Anapoulizwa anajibu kwa Kixhosa, lugha ambayo filamu imeifanya ya Wakanda: jina lake, na jina la baba yake. Anatoa ukoo, kama anavyotakiwa kufanya mtu yeyote anayeingia kwenye baraza la wazee. Kwa jibu hilo aibu inahama. Kabla ya hapo ilikuwa juu ya mvamizi, sasa iko juu ya familia iliyomtelekeza mtoto wake. Nimeona wasomaji wa komiki wakilalamika kwamba undugu huo "haumo". Kweli haumo. Bila huo, T'Challa angekuwa na adui tu, asingekuwa na deni.

Zoezi la hatua hii: chini ya kila jedwali andika jina moja la mtu anayepoteza zaidi siku siri inapotoka. Majina yakitofautiana, umepata kiini cha badiliko.

Hatua ya 7: Angalia sababu zilizo nje ya hadithi

Baadhi ya mabadiliko hayakuamuliwa na mwandishi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 komiki zilisema pacha Wanda na Pietro ni watoto wa Magneto, adui wa X-Men. Filamu ya Avengers ya mwaka 2015 ikawafanya yatima wa nchi ya kubuni, Sokovia, kwa sababu haki za filamu za Magneto na watu wake zilikuwa kwa kampuni nyingine, Fox, mpaka Disney ilipoinunua mwaka 2019. Fox nayo ilimtumia Pietro wake, na huko akabaki mtoto wa Magneto. Mwishoni mwa 2014 hata komiki zenyewe zikautangua undugu huo. Kabla hujamlaumu mwandishi, tafuta nani alikuwa na haki ya mhusika.

Sababu ya pili ni wasomaji wenyewe. Wanajua, na watengenezaji wanajua kwamba wanajua. Katika *WandaVision* ya 2021, jirani anaitwa Agnes, kumbe ni mchawi Agatha Harkness: jina limeundwa na herufi za mwanzo za Agatha na za mwisho za Harkness. Msomaji aliyemjua Agatha tangu *Fantastic Four* toleo la 94, mwaka 1970, alinusa mapema. Alichokosea ni nia yake, kwa sababu kwenye komiki alikuwa mlezi wa watoto na mwalimu wa Wanda.

*The Boys* ilikwenda mbali zaidi. Kwenye komiki, mwisho kabisa, Black Noir anavua barakoa na kumbe ni nakala ya Homelander, shujaa mkuu wa hadithi hiyo, naye ndiye aliyetenda maovu mengi yaliyobebeshwa mwenzake. Tamthilia iliwaonyesha wasomaji mapema kwamba Noir ni mtu mwingine kabisa, hivyo waliokuwa wakisubiri walipoteza dira. Kisha katika msimu wa tatu, mwaka 2022, swali la damu ya Homelander likarudi kwa mlango mwingine: baba yake ni Soldier Boy, na Noir alijua akanyamaza. Kwa kunyamaza huko Homelander anamuua. Mhusika aliyekuwa siri amegeuzwa mtunza siri.

Mandarin wa *Iron Man 3*, mwaka 2013, anafaa kutajwa kwa ufupi. Matangazo yalimuuza Ben Kingsley kama adui mkuu, kumbe ni mwigizaji mlevi aliyekodiwa. Kuepuka mchoro wa mwaka 1964 uliojaa dharau kwa watu wa Asia lilikuwa jambo jema. Ila mpitishe kwenye hatua ya 6: hakuna mtu anayeumia na ufichuzi ule. Ndiyo maana unachekesha, kisha unapotea.

Hatua ya 8: Angalia mara ya pili, kisha toa hukumu

Rudia filamu ukiwa umeshajua kila kitu. Ufichuzi mzuri unazidi kunoga, mbovu unabaki ganda. Andika matukio matatu yaliyobadilika maana katika mara ya pili. Ukikosa hata moja, sema hivyo katika uhakiki wako.

Tamthilia ya *Watchmen* ya HBO, mwaka 2019, ilipita mtihani huu kwangu. Komiki iliacha shimo: Hooded Justice, shujaa wa kwanza mwenye barakoa, hakuwahi kujulikana kwa hakika, palikuwa na dokezo tu kwamba ni mbeba vyuma wa sarakasi mwenye asili ya Ujerumani. Sehemu ya sita inajaza shimo hilo kwa Will Reeves, polisi mweusi wa New York wa mwaka 1938. Kamba shingoni na mfuko kichwani ni vile vilivyotumiwa na polisi wenzake kumnyonga nusu kufa. Amepaka rangi nyeupe kuzunguka macho ili wanaomwona wadhani ni mzungu. Hakuna kisanduku kimoja cha komiki kilichofutwa. Lakini ukiifungua tena komiki, ile kamba shingoni, ambayo zamani ilikuwa pambo la ajabu, huwezi kuiangalia kwa macho yaleyale.

Zoezi la kuanzia

Chukua Jason Todd. Mwaka 1988 wasomaji walipiga simu kuamua kama Robin huyu afe au aishi: 5,343 walitaka afe, 5,271 walitaka aishi. Mwaka 2005 Judd Winick akamrudisha kwenye komiki za Batman kama Red Hood. Mwaka 2010 ikatoka katuni ya *Batman: Under the Red Hood*, na mwandishi wake ni Winick yuleyule, kwa hiyo huna wa kumsingizia kwamba hakuielewa hadithi.

Anza na mambo mawili. Kwanza, komiki ilimficha marehemu ambaye wasomaji walimuua wenyewe kwa simu, lakini katuni inafungua kwa kifo chake, Joker na mtaimbo mkononi, kiasi kwamba mtazamaji mgeni anaweza kukisia mapema nani yuko ndani ya kofia nyekundu. Jaza safu ya mtazamaji kwa uangalifu hapo. Pili, kufufuka kwake kwenye komiki kulihitaji ngumi ya Superboy-Prime iliyotikisa ulimwengu, na katuni ikabakiza Ra's al Ghul, adui mwingine wa Batman, na shimo lake la Lazarus linalofufua wafu. Andika ni nani aliyebebeshwa lawama kwa badiliko hilo, ambaye kwenye komiki hakuwa nayo. Kisha nenda kwenye mazungumzo ya mwisho chumbani kati ya Jason, Joker na Batman, uandike dakika ambayo Batman anaelewa Jason amekasirikia nini hasa. Dakika hiyo na ile barakoa inapovuliwa haziko mahali pamoja.